Watoto Waliopotea kwenye Seva ya Kasulu

Vijana wa kitengo cha kompyuta wameniomba niwaandikie chochote kabla sijasahau, kwa adabu ile ambayo mtu humfanyia mzee aliyeanza kuzitafuta funguo zake zikiwa mkononi. Nimekubali. Ila niseme mapema: anayetafuta habari za vyeo na mishahara aishie hapa, kwa sababu cheo changu kilibaki kile kile hadi nilipostaafu mwishoni mwa 2015, na mishahara ya pale mnaijua. Nitaandika juu ya vifaa, juu ya aliyenifundisha kazi, na juu ya kesi moja ya mwaka 2013 ambayo watu bado wananiuliza kila tukikaa kunywa chai.

Mimi ni mtoto wa kijiji cha Titye. Nyumbani tuliongea Kiha, Kiswahili nikakikuta shuleni pamoja na viboko. Kazi ya mikono alinifundisha Mzee Abdu, mfanyabiashara wa mjini Kasulu ambaye babu yake alitoka pwani, ingawa yeye mwenyewe pwani aliisikia tu kwenye hadithi za babu. Duka lake mbele liliuza vitenge na sabuni, na nyuma alitengeneza redio. Mteja akileta redio mbovu, Mzee Abdu hakuigusa. Alimpa kigoda, akamuuliza: iliacha kusema lini? Siku hiyo ilikuwa kwa nani? Mvua ilinyesha? Wengine walikasirika, wakasema wameleta redio kwa fundi na siyo kwa polisi. Naye aliwajibu bila kuinua sauti, "Redio haiwezi kujieleza, mwanangu. Wewe unaweza." Akishamaliza kuuliza ndipo alipochukua bisibisi, na mara nyingi alikuwa ameshajua aifungue wapi.

Baadaye nikahudumia redio za mawasiliano za mashirika yaliyofanya kazi kwenye kambi za wakimbizi. Redio zikaondoka, zikaja kompyuta, na kwa kuwa hakuna aliyetaka kuzifungua, nikazifungua mimi. Mwaka 2012 nikaajiriwa na hospitali ya misheni hapa Kasulu. Sitaitaja jina, maana bado natibiwa pale na ningependa wanichome sindano kwa upole.

Siku yangu ya kwanza nilipelekwa chumba cha seva. Kilikuwa stoo ya mashuka, na harufu ya sabuni ya mche ilikuwa bado ipo. Seva ni kompyuta kama nyingine, ila yenyewe ndiyo inayotunza kumbukumbu za kompyuta zote, ikizimika wote mnakaa mikono mapajani. Ile yetu ilikuwa inakoroma. Nikaifungua, nikakuta mjusi amekaukia kwenye feni. Nikamtoa kwa koleo, nikapangusa vumbi jekundu kwa brashi ya kupakia rangi, nikafunga. Koromo likaisha. Katibu wa hospitali, Bwana Sospeter, alikuwa amesimama mlangoni, akanitazama kwa heshima kubwa ambayo sikuharakisha kuisahihisha.

Bwana Sospeter alikuwa mtu wa Mbeya, mwaminifu hata akachosha. Alivaa tai mpaka Jumamosi. Aliogopa kitu kimoja duniani, nacho ni wafadhili kuja kukagua wakute jambo haliko sawa. Namwelezea hivi ili msije mkamwona mbaya mbele ya safari, kwa sababu hakuwa mbaya.

Kumbukumbu zilizokuwa muhimu kuliko zote kwenye seva ile zilikuwa za kliniki ya watoto. Watoto waliopungua uzito waliandikishwa hapa Kasulu, na wengine kwenye kituo chetu kidogo cha Kibondo, kisha kila wakija kupimwa walipewa mfuko wa unga wa lishe. Mtoto akiwemo kwenye kompyuta anapata unga. Asipokuwemo hapati, hata akiwa amebebwa mgongoni mbele yako. Utaratibu huo ulipangwa na wafadhili, na mfumo wenyewe ulitengenezwa na kijana mtaalamu aliyeletwa kutoka Dar es Salaam kwa mkataba mfupi, jina lake Gerald. Alikuwa hodari kweli kweli. Alikuwa pia na haraka ya kurudi Dar, kwa maelezo yake kwamba alikuwa amekula migebuka ya Ziwa Tanganyika na maharage ya kumtosha maisha. Nilifanya naye kazi muda mfupi, akanionyesha mambo, akapanda basi muda si mrefu kabla ya mvua za 2013. Siku iliyofuata nikaifunga akaunti yake ili asiweze tena kuingia, kama sheria inavyotaka, nikajiona nimefanya kazi safi.

Dirishani alikaa Dafroza. Yeye ndiye aliyewaandikisha watoto na kuwaita majina siku za kliniki. Wazazi wake walikimbia kutoka Burundi, wakapata shamba Kagerankanda, na yeye akazaliwa hapo hapo. Uraia wa familia ulikuwa umetoka si zamani, na cheti chake alikiweka kwenye bahasha ndani ya bahasha. Alikuwa mwepesi wa kucheka na mkali wa foleni. Akina mama walimpenda kwa sababu aliongea nao Kiha na Kirundi, akajua nani amefiwa na nani mume wake amekwenda Kakonko kutafuta kibarua tangu ilipofanywa wilaya.

Mvua za mwaka 2013 zilipokolea, watoto wakaanza kupotea. Sisemi porini, nasema kwenye seva. Mama alikuja na kadi, mtoto mgongoni, Dafroza akatafuta jina, jina halipo. Mara ya kwanza tukadhani amekosea kuandika. Akamwandikisha upya. Baada ya muda mama yule yule akarudi, jina halipo tena. Kisha Kibondo nao wakapiga simu kulalamika. Hawakuwa watoto wengi kwa mpigo. Walikuwa mmoja hapa, wawili pale, wa vijiji mbalimbali, wavulana kwa wasichana.

Bwana Sospeter alikosa usingizi. Kulikuwa na habari kwamba mifuko ya unga wetu imeonekana sokoni, jambo ambalo kwa kweli halikukosekana mwaka wowote, maana mama akikosa chumvi na sabuni huuza alichonacho. Lakini yeye aliunganisha mambo mawili. Mtu anafuta majina ya watoto, alisema, halafu unga wao anaupitisha mlango wa nyuma. Na mwenye kompyuta ya majina ni mmoja.

Kilichomponza Dafroza ni msiba. Alikwenda Kagerankanda kumzika shangazi yake, akakaa huko kidogo, na nafasi yake ikashikwa na Bi Zaituni, karani wa siku nyingi, mwenyeji wa Kibondo kwenye familia ya wenye maduka. Kipindi chote hicho hakuna mtoto aliyepotea. Dafroza akarudi, wakaanza kupotea. Bwana Sospeter akaona imetosha. Siku ya kliniki, akina mama wamejaa kwenye mabenchi, alimwinua Dafroza dirishani akamwambia akaripoti chumba cha kufulia, hadi bodi ya hospitali ikutane na kuamua. Kila mtu alijua uamuzi ungekuwa upi. Angefukuzwa, na baada ya hapo polisi. Bi Zaituni akakaa tena dirishani. Na watoto wakaacha tena kupotea.

Nilimfuata Dafroza uani, akiwa anaanika mashuka. Tulisalimiana, kisha akaendelea kubana vibanio kama vile sipo.

"Mzee Filimoni," akasema mwishowe, "na wewe umekuja kunitazama?"

"Nimekuja kukuuliza."

"Uliza."

"Ulifuta?"

"Oya, sikufuta." Akageuka. "Mzee, mimi kwetu ni Kagerankanda. Kule ng'ambo simjui hata mtu wa kumwomba maji. Nikitoka hapa na jina la mwizi, hawatasema Dafroza ameiba. Watasema, si mnaona, Mrundi. Wanangu watasemwa hivyo hivyo shuleni, na baba yangu atasemwa hivyo hivyo kwenye shamba lake. Kazi nitapata nyingine, hata ya kulima. Hilo jina nitalifulia wapi?"

Nilimwambia namwamini. Akaniuliza kama bodi itaniamini mimi. Nikamsaidia kukamua shuka moja, nikaondoka nikiwa na uchungu ambao sikuutegemea kwa umri wangu.

Sasa, vijana, ninyi mngekimbilia kwenye seva. Mimi pia nilikimbilia. Nilipekua nikaona kwamba majina yalifutwa kweli, lakini mfumo wa Gerald haukuandika nani kafuta. Nikakaa pale nikiitazama skrini hadi nikamkumbuka Mzee Abdu na kigoda chake. Nikainuka, nikaenda kwa Bi Zaituni.

"Bi Zaituni," nikamwambia, "nieleze kazi yako tangu unapofika hadi unapoondoka. Usiruke kitu."

"Unanichunguza na mimi?"

"Nakuchunguza wewe ili nimjue yeye."

Akacheka, akanieleza. Anafungua dirisha, anafuta meza, anaita majina, na kadhalika, mpaka akafika Ijumaa. "Ijumaa nikitoka nazima kila kitu, na nyaya nachomoa ukutani. Mpaka Jumatatu."

"Na seva?"

"Seva ndiyo ya kwanza. Wewe radi za huku huzijui? Shemeji yangu Kibondo radi ilimpigia televisheni, friji, na mbuzi aliyekuwa amefungwa karibu na nguzo. Mimi sitaki kuja kuulizwa."

Watu wa milima hii tunaelewana kwenye jambo hilo. Wingu likiwa jeusi, mtu anachomoa hata pasi isiyo na moto. Nikarudi uani kwa mashuka, nikamuuliza Dafroza yeye alikuwa akifanyaje Ijumaa. Akasema alizima kompyuta ya dirishani tu. Seva aliiacha inawaka kwa sababu Kibondo walituma takwimu zao Jumamosi, na Gerald alimwagiza isizimwe.

Basi hapo nikapata kitu. Watoto hawakupotea kwa sababu Dafroza yupo. Walipotea seva ikiwa imewashwa mwisho wa juma, wakati ofisini hakuna mtu.

Nilimwomba Bi Zaituni aiache seva ikiwaka Ijumaa ile. Alikataa katakata, hadi nilipomwahidi kwamba nitakaa nayo mwenyewe na radi ikija itanikuta. Jumamosi halikutokea lolote. Jumapili baada ya misa nilichukua chai kwenye chupa na viazi vya kuchemsha, nikakaa. Nje kulikuwa na jua kali la baada ya mvua, na kwaya ilikuwa imebaki kanisani inafanya mazoezi, wimbo mmoja wakiukosea mahali pale pale. Nilikuwa nimeandika amri ya kuonyesha idadi ya watoto, nikawa naibonyeza kila nilipomaliza kiazi. Mchana ulipokatika, mashine ikaanza kunguruma ndani kwa ndani, mikono yangu ikiwa imeshika kikombe. Nikabonyeza. Watoto walikuwa wamepungua.

Nilisisimka, sikatai. Kisha nikafurahi vibaya sana, nikatoka mbio hadi mlango wa kanisa. Dafroza alikuwa kwenye safu ya sauti ya pili, mdomo wazi, kitabu mkononi, mbele ya mwalimu wa kwaya na padri mzima.

Jumatatu nilimweleza Bwana Sospeter. Alisikiliza vizuri, maana haki aliijali, kisha akauliza swali ambalo lilinirudisha nyuma. "Kama mashine inafuta yenyewe, kuna aliyeiagiza. Utaniambiaje kwamba siyo yeye?"

Lilikuwa swali halali. Ndani ya seva kama ile kuna programu inayokaa macho muda wote na kutazama saa. Jina lake ni cron, lakini mfikirieni tu kama karani wa zamu. Unamwachia maagizo: siku fulani, saa fulani, fanya kazi fulani. Yeye haulizi sababu, anafanya. Nikafungua maagizo yake, yale ya msimamizi mkuu wa seva, nikitegemea kumkuta mwizi wangu amekaa hapo. Kulikuwa na agizo moja tu, la kunakili kumbukumbu, na lilikuwa langu. Nikatafuta kwenye mafaili mengine ya mfumo. Hakuna. Kikao cha bodi kinasogea, na mimi ninachoweza kusema ni kwamba kuna kitu kinafuta watoto Jumapili, sijui ni nini wala cha nani. Bodi gani ingemwacha mtu kwa maelezo hayo? Mke wangu aliniambia siku zile nilikuwa nasali huku nimekunja ndita.

Nikajiuliza swali lingine: kama sijui nani anafuta, basi anafuta nani? Kwenye kompyuta majina yao hayakunipa kitu. Kulikuwa na kina Restituta na kina Yusufu, kina Anisia na kina Ramadhani, majina ya ubatizo na ya dini kama yalivyoandikwa kwenye kadi. Siku ya kliniki nikaenda kukaa benchi la nje pamoja na akina mama. Wengine walinisogezea nafasi wakidhani nimeleta mjukuu.

"Mwakeye," nikawasalimu. Wakaitikia. Nikamuuliza aliyekuwa karibu nami, mwanamke wa Titye mwenye mtoto mgongoni, kama na yeye ni wa wale waliopotelewa jina.

"Ego, ndiyo, mzee. Huyu yupo. Aliyepotea ni Butoyi. Nimemwacha kwa bibi yake, nije naye afanye nini?"

Mwanamke wa pili akaingilia. "Hata mimi ni Butoyi wangu. Mara mbili wameniandikia, mara mbili ametoka."

"Mimi vile vile," akasema wa tatu, kutoka mwisho wa benchi, na alikuwa amejifunga mtandio, akiwa na lafudhi ya Kibondo. "Bukuru anapata, Butoyi hapati."

Ambaye si wa huku nimweleze. Kwetu, na kwa Warundi pia, mapacha wana majina yao yanayowasubiri hata kabla hawajazaliwa. Anayetangulia ni Bukuru, anayefuata ni Butoyi. Kadi itaandika Anisia au Ramadhani, lakini nyumbani ni Bukuru na Butoyi, kila nyumba, kila kijiji, Mwislamu na Mkristo. Na Bukuru ndiye mkubwa: anaoshwa kwanza, anapakuliwa kwanza, na dirishani anaandikishwa kwanza. Kumbe kitu kilichokaa ndani ya seva yetu kilikuwa kikiwawinda mapacha, na kila mara kinamchukua wa pili.

Nilirudi ofisini nusu nikitembea nusu nikikimbia. Mama mmoja, tarehe moja ya kuzaliwa, kijiji kimoja. Ni nani aliyewahi kuniambia habari za majina yanayojirudia? Nikamkumbuka Gerald akilalamika, kwamba mama anaandikisha mtoto Kibondo kwa jina la nyumbani, akihamia Kasulu anaandikisha mtoto huyo huyo kwa jina la ubatizo, mwishowe mtoto mmoja anahesabiwa wawili. Nikafungua maagizo ya Gerald mwenyewe, ya akaunti yake ile niliyoifunga, maana kila akaunti humwachia karani wa zamu maagizo yake. Yalikuwepo. Jumapili mchana, agizo moja, linaita programu fupi, na juu ya programu ameandika kwa mkono wake: futa waliojirudia, tazama mama na tarehe ya kuzaliwa, majina hayaaminiki, mbakize wa kwanza.

Vijana, hilo lishikeni. Mkimfungia mtu akaunti, mmemnyang'anya ufunguo wa mlango tu. Karani wa zamu hajaambiwa kwamba mtu huyo ameondoka. Anaendelea na maagizo aliyoachiwa, kwa uaminifu wote, mpaka seva ioze. Tazameni mtu aliagiza nini kabla ya kumpungia mkono kituo cha basi.

Sikulifuta agizo lile hapo hapo, ingawa vidole viliniwasha. Nililisimamisha, nikamwita Bwana Sospeter alione kwa macho yake, pamoja na tarehe lililoandikwa, ambayo ilikuwa ya kabla Dafroza hajafundishwa hata kuwasha kompyuta. Kisha tukampigia simu Gerald. Nilimweleza.

"Mzee," akasema, "kwani huko mapacha ni wengi kiasi hicho?"

"Mapacha wapo kila mahali, Gerald. Hata Dar wapo."

Aliomba radhi, na aliiomba vizuri. Akarekebisha programu yake usiku huo huo, akinielekeza kwa simu na mimi nikiandika, na sikumwachia yeye peke yake, nikaisoma mstari kwa mstari. Tangu hapo ukimwandikisha mtoto, mfumo unauliza kwanza kama amezaliwa peke yake. Mwaka 2015, wakimbizi walipoanza kuja tena kwa wingi kutoka Burundi na sisi tukapeleka meza na kompyuta hadi Kibondo kusaidia, makarani wapya walilalamika kwamba swali hilo linachelewesha foleni. Mkuu wao wa kazi aliwajibu kwamba foleni itasubiri. Mkuu huyo alikuwa Dafroza.

Lakini nimeiruka siku moja ya mwaka 2013, na nimeiruka makusudi ili niimalizie.

Bwana Sospeter alipojua ukweli, hakujitetea. Aliliondoa jambo lile kwenye ajenda ya bodi, akamwita Dafroza ofisini, akaniita na mimi niwe shahidi. Akasema amekosea, atamwandikia barua rasmi ya kumsafisha, nakala itakaa kwenye jalada lake. Dafroza alisikiliza akiwa bado amevaa aproni ya kufulia, mikono imekwajuka kwa maji.

"Asante, katibu," akasema. "Jalada wanalisoma watu wangapi?"

Bwana Sospeter akakiri kwamba ni yeye na bodi tu.

"Uliniinua mbele ya akina mama. Wale hawasomi majalada. Alhamisi ni kliniki. Naomba ukae wewe dirishani, uwarudishe watoto kwenye kompyuta, na kila mama umweleze mwenyewe nini kilitokea."

Nilidhani atakataa. Alirekebisha tai yake, akasema sawa.

Alhamisi ile tulikuwa tumepeleka habari vijijini kwamba kina mama wote wa mapacha waje na watoto wote wawili. Walikuja mpaka wakakaa chini kwenye majani. Bwana Sospeter alikaa dirishani, mimi nikasimama nyuma yake kumsaidia kompyuta, Dafroza akasimama kando ya mlango ameikunja mikono. Kwanza katibu aliita majina ya kwenye kadi, na yakamshinda, maana wenyewe walikuwa wamezoea majina ya nyumbani. Akaamua kuita Butoyi. Wakasimama karibu wote. Kicheko kilichotokea pale kilisikika hadi wodi ya wazazi, na yeye mwenyewe akacheka, jambo ambalo nilikuwa silijui kwamba analiweza.

Kisha kazi ikaanza. Kila mama aliyefika alimwambia maneno yale yale: kosa lilikuwa la mashine yetu, dada Dafroza hakufanya kosa lolote, tunaomba radhi. Wengine waliitikia tu, wakapokea mifuko miwili, wakaondoka. Alipofika yule mama wa Titye, safari hii akiwa na mmoja mgongoni na mwingine kifuani, Bwana Sospeter aliwapima kwa macho wote wawili. Walikuwa wamekonda sawasawa.

"Mbona na huyu wa kwanza hajaongezeka?" akauliza. "Huyu jina lake halikutoka. Unga wake ulikuwa unapata kila mara."

"Nilikuwa nagawa," akasema mama.

"Na ulipoona hautoshi, mbona hukuja kulalamika?"

Mama alimtazama kwa mshangao wa kweli, bila hasira. "Nije kwa nani, katibu? Mliniambia kompyuta haimjui. Mimi namjua. Nikagawa."

Bwana Sospeter alivua miwani, akaishika bila kuifuta. Hakuna aliyemharakisha. Aliandika jina la mtoto wa pili polepole, herufi moja moja, akageuza skrini upande wa dirisha ili mama alione, ingawa mama hakujua kusoma. Akamkabidhi mifuko miwili kwa mikono yote miwili. Baada ya hapo akabaki amekaa, anatazama kibodi, na mama aliyefuata alikuwa ameshafika dirishani na kadi zake.

Dafroza akatoka mlangoni, akaja akasimama karibu naye.

"Umefanya vizuri, katibu," akamwambia kwa upole. "Sasa nipishe. Hapo ni mahali pangu."

Katibu akasimama, akampisha.